Nani hapa Maandiko yamewahi kumkolea mdomoni mpaka akashindwa kufunga kitabu?

AskariWaUsiku (Jinja)

Habari zenu ndugu na dada zangu. Niko na swali lakini mnivumilie kwanza niwaeleze lilivyoanza, maana nikiuliza hivi hivi mtasema huyu baridi ya usiku imempanda kichwani.

Mimi ni askari wa ghala, sio polisi, ni hawa wa kukaa getini na rungu na tochi. Naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi siku sita kwa wiki. Mwaka jana mwezi wa kwanza nikaanza ule mpango wa simu wa kumaliza Biblia mwaka mmoja. Sura 1,189 ukigawa kwa siku 365 ni sura tatu na kitu kwa siku, nikasema aah, hiyo ni kidogo kwa mtu anayekesha. Na kweli nilikimbia. Kitabu cha Mwanzo nilikimaliza kama mtu mwenye njaa anavyomaliza kikomando, ile chapati na maharage, hata hasikii kama maharage yana chumvi. Kutoka nusu yake tamu, nusu vipimo vya hema. Halafu Walawi. Walawi nilikuwa nasoma huku kidole kinatafuta tu kile kitufe cha "nimemaliza" ili alama ya siku isikatike. Nikiulizwa asubuhi nimesoma nini najibu mafuta ya mbuzi.

Mwezi wa tatu simu ikatumbukia kwenye ndoo. Ikafa. Nikabaki na Biblia ya marehemu mama, ya Kiswahili, haina jalada, inaanzia Mwanzo sura ya nne maana kurasa za mbele zilishakwenda. Na tochi yangu ni ya mawe mawili ambayo tajiri hanunui, nanunua mwenyewe. Kwa hiyo nikawa nawasha, nasoma mistari miwili mitatu, nazima ili mawe yasiishe, halafu gizani nabaki nayarudia kwa mdomo yale niliyosoma mpaka nikiyasahau ndio nawasha tena. Sio kwamba nilikuwa mtu wa kiroho jamani, ni ubahili wa betri.

Sasa usiku mmoja nikaangukia Zaburi 130. Ni fupi, aya nane tu. Nikafika hapa: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Nikazima tochi.

Ndugu zangu niliganda. Huyu mtu ananijua! Maana asubuhi wewe uliyelala kitandani huingoji, inakukuta tu. Mlinzi anaingoja. Saa nane usiku unaangalia saa, unakaa unahesabu kama nusu saa imepita, unaangalia tena, ni saa nane na dakika saba. Saa kumi unaanza kuwasingizia mbwa kwamba wamebweka kibweko cha asubuhi. Halafu saa kumi na moja unasikia adhana ya kwanza ile ya msikiti wa upande wa soko, halafu boda mmoja, halafu kalooli, yule ndege mkubwa wa jalalani, anajinyoosha juu ya paa ya bati kraa kraa na miguu yake ile ya mzee, halafu moshi wa mama wa chai. Hapo ndio unajua umepona.

Na kwa nini amesema mara mbili? Zamani ningesema aah wamerudia, twende mbele. Lakini kule gizani nikaona amesema mara mbili kwa sababu mlinzi anaangalia saa mara mbili. Nilicheka peke yangu getini. Nikairudia ile aya mpaka kukakucha na kila nikiirudia ilikuwa inazidi kukolea, kama sukari iliyokuwa imelala chini ya kikombe muda wote na mimi nilikuwa nakunywa juu juu.

Tangu hapo sijarudi kwenye mpango. Swali langu: hili limemtokea mwingine? Na je ni sawa kukaa na aya moja wiki nzima au ni uvivu?

Kikomando256 (Kampala)

Mimi huwa nalala Walawi 3 kaka. Kila mwaka. Walawi 4 siijui inafananaje 😂

AsaliYaArua (Arua)

Umenichekesha na hiyo sukari chini ya kikombe ila mimi nitakutoa kwenye sukari nikupeleke kwenye asali maana ndiyo kazi yangu na ndiyo wanayoitaja wenyewe. Zaburi 19 inasema "nazo ni tamu kuliko asali, kuliko sega la asali". Watu wa mjini mnasoma mnapita. Mnajua asali ya chupa ya supamaketi tu, ile mnaminya kwenye mkate.

Sega ni kitu kingine kabisa. Baba yangu alikuwa na mizinga ya magogo juu ya miti, tunaenda kurina usiku, moshi wa nyasi mbichi unakutoa machozi, unavumilia kuumwa huku na huku. Ukikata kipande cha sega unaweka mdomoni chote pamoja na nta. Hulimezi! Unatafuna. Ile ya kwanza inayotoka ni tamu lakini ni ya juu juu, ukiendelea kutafuna kunafunguka vishimo vingine ambavyo jino lilikuwa halijavigusa, inatoka nyingine, inawasha koo kidogo huku nyuma, mwisho unabaki na nta kama ubani ndio unatema. Sisi watoto tulikuwa tunashindana nani atakaa na kipande chake muda mrefu. Anayemeza haraka anaomba kwa wenzake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la uvivu: hapana. Wa kukimbia ndiye anameza na nta.

Ila angalia na Mithali 25:16, "Je! Umeona asali? Kula kiasi kikutoshacho. Usije ukashiba na kuitapika." Hiyo nimeiona kwa macho, mtoto wa shangazi, lita nzima.

MsomiMukono (Mukono)

Uzi mzuri. Nasoma theolojia huku Mukono na nilitaka kuongeza kitu kimoja kuhusu hiyo ya kurudia kwa mdomo gizani, maana kaka umefanya bila kujua kile ambacho Zaburi ya kwanza inasema. Aya ya 2, "na sheria yake huitafakari mchana na usiku". Sisi tukisikia kutafakari tunamuona mtu amekaa kimya ameshika kidevu. Lakini neno la Kiebrania pale ni hagah, na hagah ina sauti ndani yake, ni kunong'ona, kuguna, kusema chini chini. Neno hilo hilo liko Isaya 31:4 pale simba ananguruma juu ya mawindo yake. Hebu muoneni huyo simba. Ameshashika swala, hana haraka, amelala juu ya nyama anaunguruma kwa raha na hataki mtu asogee. Ndio kutafakari huko. AsaliYaArua na kutafuna kwake hajakosea hata kidogo.

Na Zaburi 119 mnaojua ni ndefu mnaikimbia: aya 176. Imegawanyika sehemu 22 kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, kila sehemu aya nane, na aya zote nane za sehemu moja zinaanza na herufi ile ile. Yaani mtu alikaa chini akamsifia Mungu kwa ajili ya neno lake kuanzia alefu, herufi ya kwanza, mpaka tau, ya mwisho, kila herufi mara nane! Ni mtu asiyetaka pipi yake iishe. Humo ndio iko ile aya ya 103, "Mausia yako ni matamu sana kwangu, kupita asali kinywani mwangu".

Nikitoka kidogo nje ya mada (mnisamehe najua nina ugonjwa huu): hapa kwetu Uganda watu wa kwanza walioamini hawakuitwa Wakristo na majirani zao, waliitwa abasomi, wasomaji. Mpaka leo Mganda mzee akikwambia ŋŋenda kusoma siku ya Jumapili haendi shule, anaenda kanisani. Na mnaojidai hapa Kiswahili ni lugha ya wageni, mmisionari Mackay alipofika Buganda 1878 Injili zilizokuwepo za kusomea zilikuwa za Kiswahili, tafsiri za Askofu Steere wa Zanzibar, Kiganda kilikuwa hakijachapwa bado. Vijana wa ikulu ya Kabaka walionjea kwenye Kiswahili kwanza. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka 1896, tafsiri ya mmisionari Pilkington pamoja na Henry Wright Duta Kitakule, na kulikuwa na toleo dogo la mraba nene kama tofali, lilipimwa makusudi liingie kwenye kopo la biskuti, mchwa wasile. Pilkington mwenyewe aliuawa Desemba 1897 huko huko Busoga, upande wenu askari.

Mimi hiyo ya kopo la biskuti huwa inanifurahisha kuliko mihadhara yote ya mwaka wa pili. Mtu anafungua kopo anategemea biskuti anakuta Yeremia.

AskariWaUsiku

😂😂 Biskuti anakuta Yeremia. Na Yeremia mwenyewe si ndio alisema ameyala? "Maneno yako yalionekana, nami nikayala."

NenoNiNeno (Mbale)

Samahani nivuruge karamu yenu. Hii habari ya utamu utamu inanitia wasiwasi. Siku hizi kila mtu anatafuta kusisimka, akisoma asiposikia kitu anasema Roho hayupo. Biblia sio pipi. Yakobo 1:22, iweni watendaji wa neno wala si wasikiaji tu. Walawi uliyoiruka bwana askari ni neno la Mungu sawa sawa na hiyo zaburi yako. Na unakaa wiki nzima na aya moja, je ile amri iliyo kwenye aya inayofuata utaifikia lini? Shetani mwenyewe alimnukulia Bwana zaburi kule jangwani, na alikuwa amechagua aya tamu.

Kikomando256

Eeh banange. Moto.

AskariWaUsiku

@NenoNiNeno asante mzee wangu na sijakasirika. Hapo kwa shetani umenipiga sawasawa. Ila niseme kimoja. Nilipokuwa nakimbia na mpango nilikuwa nasoma sura nne kwa usiku na nilikuwa nalala kazini. Kweli kabisa. Najifunika kabuti nyuma ya tangi la maji saa nane mpaka saa kumi, na mshahara napokea kamili. Sura nne kila siku hazikuniambia kitu. Hii moja ya walinzi ndiyo imenitoa nyuma ya tangi, maana unawezaje kuwa unatafuna "walinzi waingojavyo asubuhi" halafu unakoroma? Niliona aibu mwenyewe bila mtu kunihubiria. Sasa hapo utendaji na utamu sijui unavitenganishaje.

Walawi nitarudi. Nadhani nilikuwa nimemeza na nta.

AbuSwafiya_Bombo (Bombo)

Assalaam alaykum, na kwa wengine habari za usiku. Mimi ni Muislamu, Mnubi, napita tu ila uzi umenishika kwenye kola. Kaka askari nimefurahi kwamba katika vitu unavyovingojea alfajiri adhana ni cha kwanza, nitamwambia muadhini.

Kwetu sisi hili la utamu liko tangu mwanzo. Kuna bwana mmoja wa Makka, Al-Walid bin Mughira, adui mkubwa wa Mtume (s.a.w.), alisikiliza Qur'ani akarudi kwa wenzake akawaambia maneno haya yana utamu. Adui! Hakuamini na bado ulimi wake ukasema kweli, hapo ndio mimi najua kwamba kuonja tu bila kufuata inawezekana, kwa hiyo mzee wa Mbale ana hoja yake.

Ila tartili ndio nilitaka kusema. Sisi tumeamrishwa tusome taratibu, sura ya 73 aya ya 4, na tajwidi yenyewe ukiitazama ni kanuni za kukuzuia usikimbie. Hapa vuta harakati mbili, hapa sita, hapa simama, hapa piga ghunna puani. Nilipokuwa mtoto madrasa niliona ni mateso, mwalimu anakurudisha kwenye neno moja mara ishirini na fimbo iko karibu. Nilimaliza juzuu ya thelathini sijui hata maana ya sura moja. Utamu ulinijia nina miaka 34, namfundisha binti yangu. Anasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, ana kigugumizi huyu mtoto, anakwama kwenye "iyyaka", anarudia iyyaka, iyyaka, iyyaka, machozi yanamlenga, na mimi badala ya kumsaidia nikabaki nimeduwaa maana iyyaka ni "Wewe tu". Wewe tu, Wewe tu, Wewe tu. Miaka yote naipita kama gari linapita Bombo haliangalii nje. Nikamkumbatia nikamwambia mama endelea kukwama. Na Mtume amesema anayeisoma kwa taabu huku inamuwia ngumu ana ujira mara mbili.

Halafu hii ya kula maneno msifikiri ni mafumbo tu. Mke wangu ni mtu wa Mombasa. Bibi yake alikuwa anaandikiwa kombe, aya zinaandikwa kwenye sahani kwa zafarani halafu zinayeyushwa na maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Kuna masheikh wanakataza na mimi sitaki ubishi huo hapa. Nasema tu harufu ya ile sahani mke wangu anaikumbuka mpaka leo. Na nyuki pia tunao, sura ya 16 ni yao, kinachotoka matumboni mwao kina rangi mbalimbali na ndani yake mna shifaa kwa watu.

AsaliYaArua

@AbuSwafiya_Bombo hiyo ya rangi mbalimbali ni kweli kabisa sheikh, ya msimu mmoja inatoka nyeusi kama chai ya rangi, nyingine njano. Wateja wanadhani nimechanganya.

Na pole kwa binti, au niseme hongera.

DerevaWaMasaka (Masaka, lakini barabarani)

Naandika nikiwa kwenye foleni kwa hiyo msihesabu makosa. Mimi ni Mganda. Wa umri wangu watanielewa. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya bunduki. Nilikuwa mtoto mdogo miaka ile ya themanini mwanzo, tunatoka kijijini na Jajja, bibi yangu, tumebeba magodoro, rodibloku ya kwanza, "Lala chini! Lala chini wewe!" Tumelala kwenye matope. Jajja pia, mwanamke wa miaka sabini, amelalia ndizi zake. Sikujua Kiswahili hata neno moja ila hilo nililijua. Kwa miaka mingi mtu akiongea Kiswahili nyuma yangu mabega yanapanda yenyewe.

Baadaye nikawa dereva wa trela, Mombasa mpaka Kampala, Kiswahili nikakijua kwa lazima. Sasa siku moja tumekwama Malaba pale mpakani siku tatu, foleni imekwenda mpaka huko, madereva tumeweka jiko chini ya trela tunapika, akaja mzee mmoja anahubiri kati ya magari, sauti ndogo, hapigi kelele. Akafungua Zaburi 23. "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza."

Hunilaza.

Mwiko ulinitoka mkononi. Ni lile lile neno! Lala. Lala chini. Ila huyu hapigi kelele, hana bunduki, na chini kwenyewe sio matope ni majani mabichi. Kwa Kiganda nilikuwa naijua hiyo zaburi kwa moyo tangu shule ya Jumapili na ilikuwa nzuri lakini haikuwahi kunigusa pale, kwa sababu kidonda changu kilikuwa cha Kiswahili. Ilibidi dawa ije kwa Kiswahili.

Nikamuomba yule mzee arudie hiyo sehemu. Akarudia. Nikamuomba tena. Akadhani mimi kiziwi akaja karibu akasomea sikioni.

Sasa 2022 serikali ikapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, watoto wangu wanajifunza shuleni, wanakuja wananiuliza taata hii maana yake nini. Ile zaburi ndio nilianza kuwafundisha nayo. Foleni inasogea.

MsomiMukono

@DerevaWaMasaka sina la kusema mzee. Ila kwa sababu nina ugonjwa ule: angalia hiyo "hu" ya hunilaza, huniongoza. Sio alinilaza wala atanilaza. Hu ya Kiswahili haina jana wala kesho, ni mazoea, ndivyo alivyo. Na aya tatu za kwanza anamsema Mungu pembeni, "yeye", halafu akiingia tu kwenye bonde la uvuli wa mauti anageuka: "kwa maana Wewe upo pamoja nami". Kwenye majani mabichi anasimulia habari zake, gizani anaongea naye. Sheikh wa Bombo na "iyyaka" yake ndio imenikumbusha, maana hata Alhamdu nasikia inaanza kwa kumsifu halafu inageuka "Wewe".

AbuSwafiya_Bombo

Sawa kabisa. Hiyo kugeuka inaitwa iltifat kwenye balagha, elimu ya ufasaha. Umenifurahisha kijana, njoo Bombo ule chakula.

MamaFuraha_Nakivale (Nakivale)

Mimi ni Mkongomani, niko naishi hapa kambini ya wakimbizi mwaka wa saba. Kiswahili yangu ni ya kule kwetu munisamehe. Nimesoma yote munaandika na ni muzuri lakini niseme ukweli yangu, mimi ule utamu sijauona tangu tuvuke. Mbele nilikuwa mwimbaji, nilikuwa najua zaburi mingi kwa kichwa. Mutoto wangu wa pili alibaki njiani. Tangu ile wakati nikifungua kitabu ni kama kula mchanga. Nasoma kwa sababu watoto wanaangalia. Watu wa kanisa wananiambia mama furahi katika Bwana, na mimi nafurahi kwa meno tu.

Sasa munaposema asali, asali, mimi nauliza, wa kwetu sisi iko wapi.

Kikomando256

Pole sana mama. Kwa kweli pole.

NenoNiNeno

Mama pole. Mimi ndiye nilikuja hapa na ukali wangu, na wewe sikuletei aya ya kukusukuma. Nilimzika mke wangu mwaka jana mwezi wa tisa. Kuna zaburi moja nilikuwa naisoma kipindi kile, ya 88. Haina mwisho mzuri. Zaburi nyingine zinalia halafu zinageuka mwishoni zinashukuru, hii haigeuki, neno la mwisho ni giza. Nilishangaa sana walioipanga Biblia kwamba waliiacha humo. Sitasema ilikuwa tamu. Ila ilikuwa ya kwangu.

Labda ndio maana nawakasirikia watu wa utamu.

AskariWaUsiku

Mzee wangu wa Mbale. Pole. Sikujua.

Mama Furaha, mimi sina jibu na sitaki kukudanganya. Najua tu Ufunuo 10 Yohana anapewa kile kitabu akile na anaambiwa kabisa kwamba mdomoni kitakuwa kitamu kama asali na tumboni kichungu. Labda wewe umeanzia tumboni. Ile 130 niliyoisema haianzi na asubuhi, asubuhi iko aya ya 6. Inaanza, "Ee BWANA, toka vilindini nimekulilia". Mimi hapo nilipita haraka maana sikuwa vilindini, nilikuwa getini tu na baridi.

MamaFuraha_Nakivale

Vilindi ni nini?

MsomiMukono

Ni maji marefu mama, pale mguu haugusi chini.

MamaFuraha_Nakivale

Sawa. Hiyo naijua.

AsaliYaArua

Jamani nimerudi baada ya siku tano, nilikuwa kwenye mizinga. @AskariWaUsiku leta habari, uko wapi sasa hivi?

AskariWaUsiku

Bado 130. Nimehamia aya ya 4. Ila nimepata maendeleo, tajiri amenunua betri! Nilimuomba mwenyewe nikamwambia nakesha kweli siku hizi, akaangalia kile kitabu cha zamu akaona kweli. Sasa tatizo ni kwamba mwanga upo mwingi nimeanza kukimbia tena. Jana nilisoma sura mbili nzima nikashtuka, nikazima.

Kikomando256

Mimi nimejaribu ile ya kutafuna. Nilichukua Walawi 4 kwa makusudi. Nimekaa na aya ya kwanza na ya pili siku mbili. Inasema mtu akikosa bila kukusudia. BILA KUKUSUDIA. Yaani kuna sadaka hata ya kosa ambalo hukujua umelifanya? Mimi boda, juzi nilimmwagia mama mmoja matope sikumuona, nimepita nimekwenda, nilikuja kuambiwa na abiria. Sijui nisemeje lakini hii Walawi inanijua. Mzee wa Mbale usicheke.

NenoNiNeno

Sicheki. Endelea mpaka aya ya 27, inamfikia mtu wa kawaida.

MamaFuraha_Nakivale

Habari zenu. Mimi na jirani yangu ambaye pia ni mama wa Kivu tunakaa jioni mbele ya nyumba tukichambua maharage, tunasema ile ya kwanza. Toka vilindini nimekulilia. Yeye anasema mimi nasema. Hatusomi kitabu kwa sababu jua limekwenda. Ni siku ya nne sasa. Jana yeye alianza kuiimba, sauti alitoa wapi sijui, ya kwetu ya zamani, na mimi bila kufikiri nikashika sauti ya pili. Maharage tulichambua vibaya, watoto wamekula mawe.

Ya asubuhi hatujafika.

AskariWaUsiku

Msikimbie mama. Mimi naingia zamu sasa hivi, nitaishika ya asubuhi huku getini mpaka mfike.